Naomba ushauri: simba wa kioo tuliyeachiwa na bibi, nitamjuaje aliyemtengeneza?

Mwana_Chumbageni
Salaam wakuu. Bibi mzaa mama ametangulia mbele ya haki, na kwenye vitu alivyoacha kuna simba wa kioo ambaye familia nzima inampenda. Amelala juu ya kitako cha mstatili, miguu ya mbele ameinyoosha, kichwa amekiinua. Urefu wake haufiki shibiri moja, lakini ni mzito kuliko anavyoonekana. Kioo hakina rangi ila huoni upande wa pili, kama kimeshikwa na ukungu. Sikio moja limemeguka kidogo.

Historia tuliyopewa ni kwamba babu alikuwa mpishi wa meneja wa shamba la mkonge huku Tanga, na yule bwana alipoondoka nchini akamwachia. Wajomba wanasema meneja alikuwa Mjerumani, kwa hiyo simba ni wa Kijerumani. Sasa kuna dalali wa vitu vya kale amekuja nyumbani mara tu baada ya arobaini, anasema hiyo ni Murano, yaani kioo cha kisiwa cha mafundi wa vioo huko Italia, na anataka jibu haraka. Mirathi bado hatujagawana. Ningependa kumjua mtengenezaji kabla hatujaamua lolote. Mwenye uzoefu, naanzia wapi?

BintiPangani
Pole sana kwa msiba ndugu yangu. Usiuze kwanza. Mtu anayekuharakisha wakati matanga hayajapoa anajua kitu ambacho wewe hujakijua. Tuwekee picha ya chini ya kitako.

Fundi_Vioo
Pole mkuu. Mimi kazi yangu ni vioo, na vya zamani navipenda sana, kwa hiyo ngoja niongee kidogo.

Anza na mshono. Pitisha ukucha taratibu kwenye mgongo, kifuani na kwenye pembe za kitako. Ukikuta mstari mwembamba ulioinuka, ujue kioo kiliyeyushwa, kikamiminwa kwenye kalibu ya chuma na kukandamizwa. Kalibu ina vipande viwili au zaidi, na pale vinapokutana pana alama. Sanamu nyingi za Murano hazifanywi hivyo. Fundi wa kule hulishika donge la kioo la moto kwenye ncha ya fimbo, akalivuta na kulibana kwa koleo mpaka mnyama atokeze. Ndiyo maana huwezi kupata wawili wanaofanana kabisa, na mara nyingi chini kuna kovu pale fimbo ilipokatwa au pamesagwa pakawa laini. Tena mafundi wa Murano wanapenda rangi: tabaka juu ya tabaka, vipovu, vumbi la dhahabu. Simba asiye na rangi, mwenye kitako chenye pembe zilizonyooka, hanipi picha ya Murano hata kidogo.

Mtoto_wa_Mkoani
Kioo chenye ukungu kilichokandamizwa kwenye kalibu, mimi moja kwa moja nafikiria Lalique wa Ufaransa. Mkuu umetazama kama kuna jina?

Fundi_Vioo
Wazo zuri, na ni rahisi kulipima. René Lalique alikuwa sonara kabla hajahamia kwenye kioo, na kiwanda chake cha Wingen-sur-Moder kilianza 1921. Vitu vya uhai wake huwa na jina R. Lalique, na baada ya kufariki 1945 ile R ikaondolewa. Kuna na Sabino wa Paris, aliyetoa ndege na samaki wadogo wengi. Kioo chake kinaonekana cha samawati, ukikiinua dhidi ya taa kinageuka rangi ya asali. Wote hao walikuwa na desturi ya kuweka majina. Mleta mada, chukua tochi, ilaze pembeni ili mwanga upite juu ya kitako kwa mshazari, ndipo utaona kilichoandikwa. Ukimulika kwa kunyoosha hutaona kitu.

Mwana_Chumbageni
Asanteni sana wote. Mshono upo, nimeuhisi mgongoni na kwenye pembe za kitako. Jina hakuna. Ila kwa tochi ya mshazari nimeona alama mbili chini. Moja ni umbo la almasi, juu yake kiduara chenye III, katikati Rd, na kwenye pembe kuna herufi na namba. Nyingine ni nanga, imepishana na herufi J na D. Wajomba wameitazama nanga wakasema basi ni kitu cha melini.

Ughaibuni_Leeds
Mkuu, hapo umemaliza kazi yote! Niko Uingereza na vioo hivi navikuta kwenye minada ya vijijini, ndiyo maana nimesisimka.

Ile almasi ni alama ya usajili wa michoro ya Uingereza, iliyotumika kuanzia 1842 hadi 1883. Kuanzia 1884 wakaiacha na kuandika Rd No na namba tu. III kwenye kiduara ni daraja la vioo. I ilikuwa ya metali, II ya mbao, IV ya udongo. Pembe zinakupa tarehe, ila mpangilio ulibadilika 1868. Kabla ya hapo mwaka ulikaa pembe ya juu. Kuanzia 1868 mwaka uko kulia, siku juu, mwezi chini, na kushoto ni namba ya furushi la usajili. Niandikie unachokiona.

Mwana_Chumbageni
Juu 3. Kulia U. Chini ni I, au pengine mkwaruzo. Kushoto pamefifia.

Ughaibuni_Leeds
U kulia ni 1874. I ni Julai. Kwa hiyo mchoro ulisajiliwa tarehe 3 Julai 1874, na nanga yenye JD ni ya John Derbyshire, aliyekuwa na kiwanda cha vioo Regent Road, Salford, pembeni ya Manchester. Simba wako anajulikana vizuri na wakusanyaji. Amefuata wale simba wanne wa shaba wa Edwin Landseer waliowekwa Trafalgar Square, London, mwaka 1867, chini ya mnara wa Nelson. Watu waliwapenda mno, na viwanda vikatoa vidogo vya kuweka mezani.

Jambo moja la kuangalia: tarehe hiyo ni ya kusajili mchoro, si ya kumtoa simba wako kwenye tanuru. Vioo vililindwa miaka mitatu tu, lakini kalibu ya chuma haifi usajili unapoisha.

MzeeWaMkonge
Wajomba wasivunjike moyo. Simba kuwa Mwingereza hakuthibitishi wala kukanusha habari za meneja. Mashamba mengi ya Wajerumani yalichukuliwa na Waingereza baada ya vita ya kwanza na kuuzwa kwa watu wa mataifa mengine, Wagiriki wengi wakiwemo. Vyombo vya nyumba vilipita mikono mingi. Andikeni jina la meneja kama kuna mzee analikumbuka, na mwaka babu alipoacha kazi. Hiyo habari haipo chini ya kitako, na mzee akiondoka nayo ndiyo basi.

BintiPangani
Na thamani je? Maana ndilo litakaloulizwa kwenye kikao cha warithi.

Ughaibuni_Leeds
Nitasema ukweli bila kumpa mtu matumaini hewa: kilikuwa kioo cha kiwandani kwa ajili ya nyumba za watu wa kawaida, si kazi ya sonara. Kina heshima yake, lakini hakijengi nyumba. Sikio lililomeguka nalo linapunguza. Tazameni bei ambazo simba kama huyu ameuzwa kweli mnadani, si bei ambazo wauzaji wanaandika mtandaoni wakisubiri mteja. Nyumba nyingi za mnada huku zinatoa makadirio kwa picha bila malipo.

Fundi_Vioo
Naomba asiguswe na mtu wa kusaga sikio "lilingane". Msisugue kwa steelwool wala ndimu, msimtie maji ya moto. Beseni la plastiki, taulo chini, maji vuguvugu, sabuni kidogo, kisha mkaushe kwa kitambaa laini. Ule ukungu unashika mafuta ya mikono, ndiyo maana anaonekana mchafu mgongoni.

Mwana_Chumbageni
Mungu awabariki. Nimewasomea wajomba na mama uzi wote. Dalali tumemjibu hapana. Mama mdogo anamtaka simba, na wengine wameridhia ahesabiwe kwenye fungu lake kwa makadirio ya mnada. Nimeshatuma picha. Mzee mmoja wa Muheza aliyefanya kazi na babu bado yupo, Jumamosi tunamfuata. Hiyo namba ya kushoto ina umuhimu wowote?

Ughaibuni_Leeds
Ina umuhimu ukitaka kuona usajili wenyewe. Daftari za miaka hiyo ziko The National Archives, hifadhi ya nyaraka za taifa la Uingereza iliyoko Kew, London, fungu BT 44, na michoro yake BT 43. Tarehe unayo, namba ya furushi itathibitisha. Paka poda ya mtoto kidogo juu ya alama, ifute kwa kidole, ibaki kwenye vibonde, kisha piga picha kwa tochi ya mshazari. Nitumie, nitaisoma.