Tupeane uzoefu: masika yalikukutaje ukijitolea hifadhini?

Nyikani: Wakuu, Arusha imenyesha tangu alfajiri, na harufu ya turubai lililoloa imenirudisha Aprili ile niliyojitolea kutegua mitego Simanjiro. Gari lilinasa kwenye tope jeusi la mbuga, tukalala humo siku mbili. Nyie yaliwakuta yapi? Mdogo wangu anaenda wiki ijayo, nataka asome hapa.

Dada Mbugani: Tope lile! Hatua kumi tu, kila buti limebeba shamba zima.

Mchanga Mkavu: Naomba niandike yote, sijawahi kuyasema. Tulikuwa saba: vijana wanne, askari wawili wa wanyamapori wa kijiji na mama mpishi. Majira ya mvua nyumbu na pundamilia hutoka Tarangire kwenda kuzaa nyanda za Simanjiro, na majangili wenye mitego ya nyaya huwafuata hukohuko, kwa hiyo kazi haingoji pakauke. Tukapiga kambi kando ya korongo. Hema la jiko tukaliweka chini kabisa, mchangani, maana palikuwa tambarare. Usiku nyota tupu, hakuna hata tone. Kumbe imepiga milimani. Askari mmoja, mzee, akaamka akasema anasikia lori. Lori litoke wapi porini? Akashuka mbio na panga, akachana hema kwa nyuma, akamvuta mama kwa mikono. Hawajamaliza kupanda ukingo maji yakapita na magogo na mawe. Mpaka leo lori likimwaga kokoto mtaani nasimama. Tulipoteza unga, betri ya sola na madaftari yenye mitego yote ya wiki 3. Asubuhi maji hakuna, mchanga mtupu, na sufuria la ugali linaning'inia kwenye mgunga, juu ya kichwa changu.

Nyikani: Mungu wangu.

Fundi Jeki: Pole. Lakini hema korongoni, masika? Hilo kosa lenu.

Mchanga Mkavu: Ni letu. Mzee alituambia mchana tuhame, tukasema tumechoka.

Wa Talek: Fundi, punguza. Tarehe 1 Mei 2024 Mto Talek ulivunja kingo huku Maasai Mara, Kenya, kambi zikafunikwa, watu wakaokolewa kwa helikopta. Hao nao walilala mchangani?

Fundi Jeki: Sijasema hivyo. Nasema mzee akisema hama, hama.

Dada Mbugani: Tusisahau siafu. Ardhi ikiloa wanahama, njia yao ni hema lako. Zungushia majivu.

Nyikani: Majivu yakinyeshewa ni uji. Mwaga mafuta ya taa.

Dada Mbugani: Mafuta ya taa kando ya jiko? Huyo ni mdogo wako kweli?

Fundi Jeki: Kabla ya kuvuka maji kwa gari, mmoja ashuke apime kina kwa fimbo.

Mwana Rufiji: Huku kwetu ukishuka kupima kina, mamba naye anakupima wewe. Subiri yapungue, hata kama ni kesho kutwa.

Wa Talek: Na soksi jozi moja ya kulalia tu, kwenye mfuko wa nailoni. Asiivae mchana hata akilia. Vidole vyangu vililika wiki mbili.

Dada Mbugani: Mchanga, mama mpishi yuko wapi siku hizi?

Mchanga Mkavu: Yupo Orkesumet, anauza chai. Sufuria analo, limebonyea ubavuni. Nilimnunulia jipya, akalipokea, na bado anapikia lilelile.