The Shining: King ana kinyongo tu au kweli Kubrick alimharibia stori?

mzee_wa_korido
Habari za usiku wakuu. Hii The Shining ya Stanley Kubrick (1980) naijua tangu niko sekondari na mpaka leo yule dogo akianza kuzunguka na kibaiskeli chake kwenye korido mimi natafuta rimoti. Sasa nimemaliza kitabu chenyewe cha Stephen King, cha 1977, na nimebaki nashangaa maana hoteli ni ileile yenye mizimu, baba mama na mtoto wanaoilinda ikiwa imefungwa kwa winta ni walewale, ila stori kama siyo yenyewe. Shoka hakuna, jamaa anatembea na nyundo ya mbao. Yule mpishi Hallorann ambaye kwenye muvi anauawa hata hajavua koti, kitabuni anapona na ndiye anayewaokoa. Na King mwenyewe ameiponda hiyo muvi miaka yote mpaka 1997 akaandika script yake ikatoka kwenye TV. Swali langu kwa mliopitia vyote viwili, huyu mzee ana kinyongo cha mwandishi tu au kuna kitu kweli kilitolewa? Ambaye hajasoma apite mbali, humu tunatoboa mpaka mwisho.

binti_maktaba
Kilichotolewa ni Jack mwenyewe mkuu. Kitabuni Jack Torrance ni mtu unayempenda, mlevi aliyeacha pombe, alishamvunja mwanae mkono akiwa amelewa na hiyo kitu inamtafuna kila siku, kazi ya ualimu imepotea kwa kumpiga mwanafunzi, ile hoteli ndo nafasi yake ya mwisho. Kwa hiyo unasoma huku unamuombea asishindwe na kila ukurasa unaona anashindwa kidogo. King ameshasema wazi alikuwa anaandika kuhusu ulevi wake mwenyewe wakati hata hajajua kama anaandika hicho. Halafu kumbuka pale mwisho, hoteli imeshammaliza lakini dakika moja anarudi kuwa baba, anamwambia mwanae Danny akimbie na akumbuke kwamba anampenda. Mimi pale nililia sio kuogopa. Na kinachomaliza kila kitu ni boila, alisahau kulipunguza presha, hoteli ikalipuka naye ndani.

Sasa nenda kwenye muvi. Jack Nicholson kwenye interview ya kazi tu, dakika za mwanzo kabisa, ile smaili, unajua huyu hafiki mwezi wa pili. Hapo huna cha kupoteza maana hukuwahi kupewa mtu. Hilo ndo lalamiko la King na mimi niko upande wake.

fundi_sauti_254
Niaje wadau. Mimi ni team Kubrick na sina aibu. Tuseme ukweli, kitabuni zile sini za miti iliyokatwa umbo la simba na sungura zinakuja kuwakimbiza watu, ukisoma sawa lakini mwaka 1980 wangeipiga picha vipi isichekeshe? Jamaa akaitoa akaweka ule uzio mrefu wa miti wa kupotezea watu njia.

Alafu nyinyi mnaongelea stori tu, weka headphone usikie. Kile kibaiskeli kikipita kwenye mbao kinanguruma, kikiingia kwenye kapeti kimyaaa, mbao tena kelele, kapeti kimya, na kamera iko nyuma yake chini kabisa karibu na sakafu. Hiyo ni Steadicam, mtambo wa kubeba kamera mwilini isitikisike, kitu kipya wakati huo, na aliyeibeba ni Garrett Brown mwenyewe aliyeivumbua. Hakuna jini hakuna damu hapo, ni mtoto na korido, lakini mwili wako unasubiri kona inayofuata. Muziki nao karibu wote Kubrick aliuokota kwa watunzi kina Penderecki, Ligeti na Bartók, zile vayolini zinakwaruza mpaka meno yanauma. Na jengo lenyewe linakudanganya: ofisi ya meneja ina dirisha la nje wakati ukifuatilia kamera ilivyopita nyuma ya ile ofisi ni ndani ya hoteli. Hulijui hilo ukiangalia mara ya kwanza ila kichwa kinajua kuna kitu hakiko sawa.

kijiwe_cha_muvi
😂😂 chumba 217 cha kitabuni kilibadilishwa kuwa 237 kwa sababu ile lodge iliyopigwa picha kwa nje, Timberline kule Oregon, ilikuwa nacho kweli chumba 217 wakaogopa wateja watakikimbia. Leo wenyewe wanasema hiyo 217 ndo chumba kinachoombwa kuliko vyote. Binadamu sisi!

Ila swali kwa binti_maktaba, uliangalia muvi ipi? Maana ziko mbili. Ya Marekani ina dakika 144, iliyopelekwa Ulaya Kubrick aliipunguza ikawa 119. Kwenye fupi wametoa ile sini daktari anakuja kumpima Danny na mama yake anaeleza habari za mkono wa mtoto na pombe. Ukiangalia hiyo fupi kweli Jack anaonekana kichaa wa kuzaliwa.

binti_maktaba
Ndefu. Hiyo sini nimeiona, Wendy, mama Danny, anavuta sigara majivu hayo yanakaribia kuanguka, anacheka cheka huku anasema ilikuwa bahati mbaya. Nzuri, lakini bado Jack mwenyewe hatumuoni akijuta. Akifika baa kwa Lloyd, yule mzimu anayeuza pombe, anajitetea tu.

mama_wawili_dom
Hiyo sini ya sigara ndo jibu lenyewe jamani, mbona mnaipita. King aliandika akiwa amekaa kwenye kiti cha baba. Anajua Jack anavyojisikia, anavyopambana, anavyojionea huruma, na sisi tunamuonea huruma pamoja naye. Kubrick kakaa kwa mama na mtoto. Kwa mtu anayeishi na baba wa namna hiyo hakuna cha "mtu mzuri anayeharibika taratibu", wewe unasikiliza mlango ulivyofungwa unajua leo ni siku gani. Ndo maana Nicholson anatisha tangu kwenye gari wakati wanaenda, Wendy na Danny wameshazoea ile sura, sisi ndo wageni.

Na mnaosema Wendy wa muvi analia lia tu, King ni mmoja wao, angalieni tena. Nani anakagua boila kila siku? Nani anaongea na walinzi wa misitu kwenye redio? Nani kamfungia Jack stoo ya chakula? Shelley Duvall (apumzike kwa amani, 2024) waliwahi kumpendekeza kwa tuzo ya Razzie ya uigizaji mbovu, na Kubrick naye akapendekezwa kwa uongozaji mbovu, ile ya Shelley wakaja kuifuta 2022. Yule mama kaigiza hofu kama ilivyo, mikono inatetemeka rungu lenyewe la baseball halishikiki. Watu wanataka mwanamke anayeogopa abaki mrembo.

fundi_sauti_254
Eeh hii ya viti sikuwahi kuifikiria kabisa. Ila basi Danny kupiga kona kwenye ule uzio, anarudi nyuma akikanyaga nyayo zake mwenyewe ili baba apotee, inakuwa na uzito mwingine. Mtoto aliyesoma akili za baba yake muda mrefu.

binti_maktaba
mama_wawili nimekuelewa ila sikubali yote. Kama tunakaa kwa mama na mtoto, ile picha ya ukutani inayofunga muvi, ya 1921 na Jack akiwemo, ni ya nini? Hapo Kubrick anatuambia Jack ni mali ya hoteli tangu zamani, kwa hiyo hana kosa wala hana chaguo. Pombe imeenda wapi?

mama_wawili_dom
Hiyo picha nayo mimi inanikera, sikatai.

mzee_wa_korido
Nawasoma tu hapa. Nani kaona ile ya TV ya 1997, inafaa au nisipoteze bando?

kijiwe_cha_muvi
Vipande vitatu virefu. Waliipiga Stanley Hotel yenyewe, Colorado, ile King alilala na mkewe 1974 hoteli ikiwa inafungwa kwa ajili ya winta, akaota mwanae anakimbizwa na mpira wa maji wa zimamoto, ndo wazo la kitabu likaanzia hapo. Boila lipo, nyundo ipo, Steven Weber kama Jack kajitahidi na utamuonea huruma kweli. Sasa subiri wale wanyama wa majani wa kompyuta ya 1997 waanze kutembea. Pakua cha kwanza uone kama utaendelea.