Mwata wa mikokoni: ufunguo wa utambuzi unatoa spishi mbili, jeni ya COI inatoa moja. Nifuate kipi?

Tope_la_Gazi

Wakuu, habari za kazi.

Nina minyoo 14 ya chambo, hii tunayoiita mwata, iliyochimbwa kwenye tope la mikoko Gazi, pwani ya kusini ya Kenya. Nimepita na ufunguo wa Day wa 1967: tisa nimeiweka Marphysa mossambica, mitano Marphysa sanguinea. Nimetenganisha kwa pingili ambayo matamvua yanaanzia na kwa idadi ya nyuzi kwenye tamvua moja, kwa sababu keta (vinywele vigumu vya mnyoo) sikuziona vizuri kwa hadubini ya kupasulia.

Kwa upande wa jeni, kila mnyoo nimekata kipande cha mkia cha kama sentimita 1 nikakiweka kwenye ethanoli ya 96%. Sehemu ya mbele imeingia formalini. COI kwa praima za Folmer (LCO1490 na HCO2198, vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili) imefanya kazi kwa minyoo 4 tu: mitatu ya kundi la "mossambica" na mmoja wa "sanguinea". Mifuatano hiyo minne inatofautiana kwa chini ya 1%. BLAST, yaani ulinganisho na benki ya mifuatano, inanipa ufanano wa 83 hadi 85%, na majina yanayokuja juu yanabadilika kila mfuatano.

Je, niamini umbo au DNA? Na hiyo 10 iliyobaki nifanyeje?

pingili_ya_kumi

Karibu, ndugu. Kabla ya kuuliza nani aaminiwe, tazama upya sifa ulizotumia. Mahali matamvua yanapoanzia na wingi wa nyuzi zake hubadilika mnyoo unavyokua. Mnyoo mdogo na mkubwa wa spishi moja wanaweza kukupa namba ambazo ufunguo utazisoma kama spishi mbili. Kwa hiyo usiandike namba ya nyuzi bila kipimo cha mwili pembeni yake. Urefu wote hausaidii, maana mingi hukatika wakati wa kuchimba. Kinachopimwa ni upana kwenye pingili ya 10 bila parapodia (vijiguu vya pembeni), na urefu kutoka ncha ya kichwa hadi pingili hiyo hiyo ya 10. Vipimo hivyo viwili unavipata hata kwa kipande.

Sifa inayotenganisha majina yako mawili ni keta. M. sanguinea halisi ina keta zenye kiungo, za aina ya spinija: mpini chini, kiungo, halafu upanga mrefu mwembamba juu. Kundi la mossambica halina keta zenye kiungo. Juu na chini ya asikula (kijiti kigumu ndani ya parapodia) utakuta nyembamba ndefu zisizo na kiungo, pamoja na za kitana na kulabu. Kwa hadubini ya kupasulia hutakiona kiungo hicho.

Fanya hivi. Kwa mkasi mdogo wa macho kata parapodia nzima, karibu kabisa na mwili, upande wa kulia tu. Chukua ya pingili ya 3, ya 10, moja ya katikati na moja ya nyuma kadiri ulivyonayo. Ilaze kwenye slaidi na tone la gliserini, uso wa mbele ukutazame, funika, bonyeza taratibu hadi keta zitawanyike. Anza na ukuzaji wa 100, halafu 400. Keta za kitana zitahitaji 1000 na mafuta, na ni lazima uzitazame za mbele na za nyuma, kwa sababu idadi na unene wa meno yake hubadilika kadiri unavyoelekea mkiani. Upande wa kushoto uache mzima kwa atakayekuja kukagua baada yako.

Hapo ndipo penye hasara ya kukata mkia. Kulabu za chini ya asikula, keta za kitana za nyuma na nyuzi za mkundu viko huko huko. Ukiutoa mkia wote kwa ajili ya DNA, umetoa nusu ya ushahidi wa umbo. Siku nyingine chukua parapodia 5 hadi 8 za katikati, upande wa kulia.

Taya pia zitazame. Pasua mgongoni kwa mstari mmoja kuanzia nyuma ya kichwa, fungua kwa pini, hesabu meno ya kila maksila (kipande cha taya ya juu) kushoto na kulia. Maksila ya tatu iko kushoto peke yake. Ukikosa ya kulia usidhani umeivunja.

ethanoli96

Niongeze upande wa maabara.

COI kushindwa kwa 10 kati ya 14 si ajabu kwa polikaeta, kundi la minyoo hii. Praima za Folmer za 1994 mara nyingi hazishiki vizuri kwenye kundi hili. Jaribu polyLCO na polyHCO, au jgLCO1490 na jgHCO2198, ambazo zina herufi zinazokubali zaidi ya besi moja. Anza na joto la praima kushika DNA la 45 °C kwa mizunguko 5, kisha mizunguko 35 kwa 50 °C. Zikikataa, pima jeni ya 16S kwa 16SarL na 16SbrH. Utapata kama jozi 500 za besi. Jeni ya 18S kwa swali hili usihangaike nayo: inabadilika polepole mno kutenganisha spishi zilizo karibu.

Lakini kabla ya kubadilisha praima, angalia DNA yenyewe. Minyoo hii ina ute mwingi, na sukari za ute huzuia PCR (unakili wa DNA) hata jeli ikionyesha DNA nyingi. Punguza DNA mara 10 na mara 50 kwa maji safi, endesha zote mbili sambamba na ile isiyopunguzwa, na ongeza BSA (protini inayopunguza nguvu ya vizuizi). Ikiwa iliyopunguzwa inatoa mkanda na nzito haitoi, tatizo ni ute. Kipande kijacho kifute ute kwa karatasi laini, kichovye kwenye ethanoli mpya, ndipo ukiyeyushe.

La pili ni utumbo. Kipande cha mkia cha sentimita 1 kina utumbo na kila kilichomo ndani yake. Unaweza kusoma mfuatano wa chakula au wa bakteria ukadhani ni wa mnyoo. Ukuta wa mwili na parapodia ni salama zaidi.

La tatu: soma mfuatano kutoka pande zote mbili, kisha utafsiri kwa jedwali la 5 la kodoni (herufi tatu tatu za DNA), la mitokondria ya wanyama wasio na uti wa mgongo. Jozi 658 zinatakiwa zipite bila kodoni hata moja ya kusimamisha. Ukikuta moja, shuku nakala iliyohamia kwenye kiini cha seli, au kosa la usomaji.

Na hiyo 83 hadi 85% haikupi jina lolote. Inasema tu kwamba spishi yako, au ndugu yake wa karibu, haimo kwenye benki. Ndani ya spishi moja ya Marphysa tofauti ya COI kwa kawaida haifiki 3%, na kati ya spishi mara nyingi inapita 10%.

Tope_la_Gazi

Ahsanteni sana, mmenifungua macho. Nimetengeneza slaidi za minyoo yote mitano ya "sanguinea", pingili ya 3, ya 10 na ya katikati. Hakuna keta yenye kiungo hata moja. Upana kwenye pingili ya 10 ni milimita 7 hadi 8, ile tisa mingine ni 4 hadi 5. Kwa hiyo nilitenganisha wakubwa na wadogo. Sasa niandike yote 14 Marphysa mossambica?

pingili_ya_kumi

Hapana, bado. Umeonyesha kwamba yote iko kundi la mossambica, na kwamba minne uliyosoma COI ni kitu kimoja. Jina ni hatua nyingine, kwa sababu jina limefungwa kwenye kielelezo na mahali. Peters aliieleza mossambica mwaka 1854 kwa vielelezo vya Msumbiji. Mfuatano wa kuufunga kwenye jina hilo unatakiwa utoke kwa minyoo ya huko, iliyokaguliwa umbo.

Tazama yaliyotokea Malaysia. Mnyoo wa mikokoni ulioitwa M. mossambica kwa muda mrefu ulipokaguliwa upya ulipewa jina lake mwenyewe, M. moribidii, mwaka 2014. Na sanguinea ndiyo funzo kubwa zaidi: ilielezwa na Montagu mwaka 1813 kutoka kusini-magharibi mwa Uingereza, halafu jina likasambazwa dunia nzima. Mwaka 2003 Hutchings na Karageorgopoulos waliweka neotaipu (kielelezo kipya cha kubeba jina) kutoka eneo hilo hilo, na tangu hapo "sanguinea" za bahari nyingine zimekuwa zikipewa majina tofauti. Hata Ufaransa, jirani kabisa, minyoo ya chambo ya Ghuba ya Arcachon ilitambuliwa mwaka 2017 kuwa M. victori. Ndiyo sababu mfuatano wa benki wenye jina sanguinea kutoka Asia usiuchukue kama kipimo chako.

Andika Marphysa cf. mossambica, yaani inafanana nayo ila jina halijathibitishwa. Ukisoma COI ya wote 14 na ikatoka makundi mawili yaliyo mbali, rudi kwenye slaidi utafute sifa inayofuata makundi hayo, ukianza na keta za kitana za nyuma. Usigawe kwa namba za jeni peke yake.

ethanoli96

Kwa mchimbo ujao: gramu 73 za magnesiamu kloraidi yenye maji sita kwa lita moja ya maji baridi (yasiyo ya chumvi), changanya nusu kwa nusu na maji ya bahari, acha mnyoo humo dakika 15 hadi 30 mpaka usijikunje ukiguswa. Toa parapodia za DNA wakati huo, kabla formalini haijafika hata mezani, maana formalini hukatakata DNA na kuifunga na protini. Kipande kwa ethanoli mara 10 ya ujazo wake, ibadilishe baada ya saa 24. Mwili kwa formalini ya 4% ndani ya maji ya bahari siku 1 hadi 2, suuza, kisha ethanoli ya 70%.

Lebo iwe ya penseli, ndani ya chupa, na namba ileile kwenye mwili, kipande, slaidi na mfuatano. Ukipeleka COI benki, weka namba ya kielelezo kilichohifadhiwa makumbusho, ili mtu mwenye minyoo ya Msumbiji aweze kuichukua chupa yako na kulinganisha.