Kanisa la Vang: lirudishwe Norway au libaki Poland?

MTOA MADA
Wakuu, kwenye mjadala wa vigango vya Wamijikenda (nguzo za mbao za kukumbuka wafu, pwani ya Kenya) vilivyoibwa na kuuzwa Marekani, mmoja wetu alisema kanuni iwe moja tu: kila urithi urudi ulikotoka. Nakataa. Angalieni kanisa la mbao la kijiji cha Vang, Norway, lililojengwa karibu mwaka 1200. Miaka ya 1830 lilikuwa limechakaa na halitoshi watu, wanakijiji wakajenga jipya na la zamani wakalipiga mnada. Mchoraji J. C. Dahl alilinunua 1841, likachukuliwa na mfalme Friedrich Wilhelm IV wa Prussia, ufalme wa Wajerumani. Likafunguliwa vipande vipande, likapanda meli, likafika Berlin, mwishowe likasimamishwa milimani Silesia, jimbo la Prussia wakati huo, na kuwekwa wakfu 1844. Leo hapo ni Karpacz, Poland, na Walutheri bado wanasali humo. Kigango kiliibwa, hili liliuzwa na wenyewe. Turudishe kwa lipi?

MCHANGIAJI WA PILI
"Liliuzwa na wenyewe" umelitamka kirahisi mno. Wakulima wale walikuwa na kanisa bovu mkononi, na hakukuwa na wa kuwashika mkono. Chama cha kuhifadhi mambo ya kale cha Norway kiliundwa 1844, Dahl huyohuyo akiwa miongoni mwa waasisi, yaani mwaka uleule kanisa linawekwa wakfu ugenini! Kisha sheria ya 1851 ikataka kila kanisa litoshe tatu ya kumi ya watu wa parokia, na mengi ya kale yakavunjwa. Zama za kati makanisa ya mbao ya aina hii yalikuwa zaidi ya elfu moja Norway, leo yamebaki 28. Mtu anayeuza kwa kukosa pa kushika, mie simwiti muuzaji wa hiari.

MTOA MADA
Sasa si umenisaidia? Lingebaki Vang, lingeishia kuwa mbao za kujengea mabanda.

MCHANGIAJI WA TATU
Mnagombania kanisa lipi hasa? Mbao nyingi zilishaoza. Vya kale ni ile milango yenye nakshi za majoka yaliyosokotana, pamoja na baadhi ya nguzo. Sehemu kubwa ilichongwa upya kulekule Silesia. Pembeni kuna mnara wa mawe, uliojengwa kulikinga na upepo wa mlimani. Huo nao mtaupeleka Norway? Tena kuhamisha si kinga. Kanisa la mbao la Fortun, hukohuko Norway, lilihamishiwa Fantoft, Bergen, 1883 ili lisibomolewe, likachomwa moto Juni 1992. Lililopo sasa ni jipya. Watu wa Gol, kijiji kingine cha Norway, kanisa lao lilipokwenda Oslo, walijijengea nakala kijijini miaka ya 1990. Vang wafanye hivyo, maana michoro iliyopigwa kabla ya kulifungua ipo.

MCHANGIAJI WA PILI
Nakala sawa. Lakini mtoa mada, umeruka jambo. Wajerumani waliopewa kanisa lile walifukuzwa Silesia baada ya Vita ya Pili ya Dunia kuisha 1945. Kama haki ni ya mnunuzi, mnunuzi hayupo, na ufalme wake haupo. Waliopo ni Wapoland, ambao hawakununua chochote.

MTOA MADA
Hawakununua, ila walilikuta wakalitunza na kusali ndani yake hadi leo. Mnaotaka lirudi, tuambieni kwanza hao waumini watasali wapi.