Naomba ushauri: kubadilisha saa za hita na thamostati za zamani, nyumba ya wageni Kabale

MamaWageni

Habari zenu wakubwa. Nina nyumba ndogo ya wageni hapa Kabale, Uganda, vyumba vinane. Maji moto yanatoka kwenye matangi manne ya lita 100, kila tangi lina elementi (chuma cha kupasha maji) ya kilowati 3. Tangu nilipoinunua nyumba mwaka 2016 tunatumia zile saa za ukutani zenye duara linalozunguka na meno madogo pembeni. Unasukuma meno ya muda unaotaka, hita inawaka muda huo.

Shida ni kwamba umeme ukikatika, saa nayo inasimama. Ukirudi baada ya masaa matatu, saa iko nyuma masaa matatu, na hakuna anayekumbuka kuirekebisha mpaka mgeni alalamike. Wiki jana watu wanne walitakiwa waondoke saa kumi na moja alfajiri kwenda Ruhija kuona gorila. Wakaoga maji baridi. Anayeijua Kabale ya mwezi wa saba ataelewa. Mmoja alikuwa mama wa makamo, alitoka bafuni anatetemeka hadi meno yanagongana. Nilimrudishia nusu ya pesa yake na bado nililala vibaya.

Halafu thamostati zenyewe, vile vidhibiti joto vya ndani ya matangi, zimechoka. Tangi moja linatoa maji ya kuunguza, jingine vuguvugu tu.

Fundi amenishauri nitoe vyote, niweke swichi janja za kuendeshwa kwa simu, zenye waya wa kupima joto unaobandikwa kwenye tangi. Anasema thamostati za ndani hazitakuwa na kazi tena, atazipita aunganishe waya moja kwa moja kwenye elementi. Ni sawa hivyo? Na intaneti ikipotea, wageni wangu wataoga nini?

FundiMbarara

Pole sana mama. Kabla ya yote: usikubali thamostati ya ndani ipitwe. Hapo fundi wako amekosea, na ni kosa linaloweza kuua mtu.

Thamostati ni ile fimbo iliyo ndani ya elementi, na ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuzima maji yakifika joto ulilopanga. Ya pili wengi hawaijui: ndani yake kuna kikatio cha dharura. Kazi ya kwanza ikigoma na maji yakazidi kupanda, kikatio kinaruka, na hakirudi mpaka mtu akibonyeze kwa mkono. Swichi janja haina kitu kama hicho. Ina rilei ndogo (kile kidude cha ndani kinachounga na kukata umeme), na rilei inayobeba mzigo mkubwa kila siku, vidude vyake vya ndani huweza kuyeyuka vikashikana. Simu itakuonyesha hita imezimwa, kumbe elementi inaendelea kuchemsha. Huko kwenu juu, karibu mita 2,000, maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 93 au 94. Kwenye tangi lililofungwa yanavuka hapo bila kuchemka, shinikizo linapanda, na kinachobaki kukulinda ni valvu ya usalama peke yake, ile inayotoa maji shinikizo likizidi. Nimeshaona dari lililopasuliwa na tangi la namna hiyo. Bahati nzuri chumba kilikuwa hakina mtu.

Nunua thamostati mpya nne, siyo ghali. Chomoa ya zamani upime urefu wa fimbo kwanza, kwa sababu ya tangi fupi na ya tangi refu haziingiliani, na uhakikishe ina kikatio cha dharura. Panga nyuzi 60. Usishushe hadi 45 kwa kubana matumizi: bakteria wa Legionella, wanaoleta nimonia, huzaliana kwenye maji ya nyuzi 20 hadi 45, na mgeni huwavuta kifuani pamoja na mvuke wa bafuni. Ila maji ya 60 yanaunguza ngozi kwa sekunde chache, kwa hiyo ukiweza weka valvu ya kuchanganya maji moto na baridi kabla ya bomba la kuogea, hasa kama unapokea familia zenye watoto.

Swichi janja ikae juu ya hiyo thamostati. Yenyewe iamue muda tu.

MzeeRukungiri

Mwanangu, mimi nakubaliana na fundi wa Mbarara, ila naongeza swali. Hizo za simu unazihitaji kweli? Zipo saa za duara kama zako zenye betri ndogo ndani. Umeme ukienda, saa inaendelea kutembea siku kadhaa. Nimeifunga moja kwenye nyumba ya padri, haijasumbua. Hakuna intaneti, hakuna neno la siri, hata mfanyakazi asiye na simu kubwa anaielewa.

MamaWageni

Asante mzee wangu, sikujua kama zipo. Nyumbani kwangu nitaweka hiyo. Lakini hapa vyumba havijai kila siku. Kuna wiki napata wageni wawili, na matangi yote manne yanachemka alfajiri na jioni kama kawaida. Uniti za Yaka (umeme wa kulipia kabla) zinaisha maji moto yakiwa yamelala tangini bila mtu. Nusu ya wiki niko Kampala na mama yangu anayeumwa. Nikipata uhifadhi saa mbili usiku nataka niwashe tangi la chumba hicho tu.

KijanaNtinda

Basi kwa hali hiyo swichi janja zina maana, mama. Mimi nimefunga kadhaa hapa Kampala, nikwambie zinaposumbua.

Kwanza ampea. Kilowati 3 kwa volti 240 ni ampea 12.5, mfululizo, zaidi ya saa nzima. Swichi nyingi za bei rahisi mtaani ni za ampea 10. Hizo zitaungua. Chukua ya ampea 20, au (mimi ndivyo ninavyopenda) swichi ndogo iamrishe kontakta (swichi nzito ya umeme) ya ampea 25, na kontakta ndiyo ibebe hita. Kontakta ikichoka unabadilisha yenyewe tu.

Nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, hutapata shida nao. Swichi janja inahitaji nyutro ili iishi, na saa yako ya zamani ina mota, kwa hiyo waya huo upo tayari ukutani.

Intaneti: tafuta aina inayohifadhi ratiba ndani yake. Bando likiisha, ratiba inaendelea. Unachopoteza ni kuiamrisha ukiwa mbali. Ruta yako iwe inatoa wayafai ya 2.4 GHz, nyingi za swichi hizi hazioni ile ya 5. Na wayafai ya hita isiwe ile unayowapa wageni.

Sasa umeme ukirudi. Kwenye programu ya simu kuna mahali pa kuchagua swichi ifanye nini umeme unaporudi: iwake, ibaki imezimwa, au irudi ilivyokuwa. Chagua ibaki imezimwa. Hita nne zikiwaka pamoja ni ampea 50, na umeme unaporudi mara nyingi huja na kishindo. Zipishanishe kwenye ratiba pia: mbili zianze saa nane na nusu usiku, mbili saa kumi na robo. Na kwenye simu andika 02:30 na 04:15. Nilishamfungia mzee mmoja, akaandika saa kumi kama tunavyoisema, maji yakachemka saa nne asubuhi nyumba nzima ikiwa kazini.

DadaKisoro

Naomba niseme kuhusu tangi lenyewe, maana hapo ndipo pesa inapovuja. Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 18 hadi 60 ni karibu uniti 4.9, kama saa moja na dakika arobaini kwa elementi yako. Hiyo hesabu haibadiliki hata ukiwa na swichi ya aina gani. Kinachobadilika ni joto linalopotea baadaye. Gusa tangi kwa nje: likiwa na joto mkononi, unalipia hewa ya darini. Sisi tulivika matangi yetu koti la sufi ya kioo na mabomba tukayavisha sponji nyeusi, na maji yaliyopashwa jioni alfajiri bado yanaogeka. Fanya hivyo kabla hujanunua swichi hata moja.

FundiMbarara

Dada amesema kweli. Na mama, anayefunga awe na kibali cha ERA, mamlaka ya kusimamia umeme Uganda. Mwombe akuonyeshe, fundi halali haoni vibaya.

MamaWageni

Narudi baada ya wiki tatu, nimeona si vizuri mtu akasaidiwa akanyamaza. Nimepata fundi mwenye kibali. Alipofungua tangi la tatu, lile la kuunguza, alikuta thamostati imeshapitwa zamani kwa kipande cha waya mwekundu, kabla sijanunua nyumba. Miaka yote hiyo wageni wamelala chini ya lile tangi. Nilikaa kwenye ngazi nikalia, sioni aibu kusema.

Sasa zote nne zina thamostati mpya, kontakta, na swichi za ratiba. Makoti ya matangi tulishona wenyewe. Swali moja limebaki: tangi la tatu linadondosha maji kwenye valvu ya usalama kila linapopashwa, likipoa linaacha. Fundi alishasafiri. Niizibe?

FundiMbarara

Usiizibe mama, hata kwa dakika moja. Maji yakipata moto yanatanuka: lita 100 kutoka 18 hadi 60 zinaongezeka kama lita moja na nusu, na kama kuna valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma, hayana pengine pa kutokea. Kuyatoa ndiyo kazi ya hiyo valvu ya usalama. Ungesema inadondosha hata tangi likiwa baridi, ningekwambia ubadilishe valvu. Weka bomba la shaba au jingine linalohimili moto, lielekee chini, mdomo wazi, limwage nje mahali ambapo mtu hapiti.

MamaWageni

Nimeelewa. Kesho asubuhi naweka bomba.