Tupeane uzoefu: mliowahi kusafiri na kwaya ya vijana kwenda kushindana nje ya nchi

Mwl_Sauti_ya_Pili
Habari zenu wakuu. Nafundisha kwaya ya vijana huku Mwanza, wengi ni wa sekondari, na mwaka huu tumeanza kuongea kwa dhati habari ya kwenda kushindana nje. Wazazi wananiuliza maswali ambayo kwenye matangazo ya waandaaji siyaoni, wao wanaandika ada na tarehe basi. Naomba waliowahi kwenda watusimulie ilivyokua kweli, kuanzia makaratasi mpaka jukwaani. Sio lazima muwe mlishinda.

Besi_wa_Arusha
Sisi tulienda Pretoria 2018, yale mashindano ya World Choir Games yalipofanyika Tshwane (jiji lenye Pretoria), ndo ilikua mara ya kwanza yanakuja Afrika tangu yaanze Linz, Austria, mwaka 2000. Tulienda na basi, Tunduma, Lusaka, Chirundu, Harare, Beitbridge ndo unaingia South Africa. Kila mtu alidhani kikwazo kitakua hela au viza, kumbe Mtanzania haombi viza kwenda South kwa matembezi, kikwazo kikawa watoto wa chini ya miaka 18. Kipindi kile walikua wanataka cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili, na kiapo cha wazazi wote wawili kwamba wameridhia mtoto asafiri na mtu mwingine, na kopi za vitambulisho vyao. Sasa chukua kwaya ya vijana mtaani kwetu, huyu analelewa na bibi, yule baba yake hajulikani alipo, mwingine cheti kina jina la mama tu. Katibu wetu alishinda RITA, wale wa vyeti vya kuzaliwa, na kwa mawakili mpaka akakonda.

Kuna binti ndo alikua anaanzisha sauti ya kwanza, baba yake yuko machimboni Geita na simu haipatikani, ikabidi mjomba wake apande gari akamtafute machimbo kwa machimbo mpaka akampata akasaini. Yule baba alilia, alikua hajui kama mwanae anaimba kiasi hicho.

Beitbridge tulifika usiku, afisa anafungua faili moja moja, mtoto anaitwa dirishani anatazamwa na picha yake, tukakaa mpaka kunapambazuka ila hakurudishwa hata mmoja. Kwa hiyo mwalimu anza na makaratasi ya watoto KABLA hujachangisha hata shilingi. South walilegeza yale masharti baadae lakini idhini ya wazazi utaulizwa karibu kila nchi.

Na jamani Julai kule ni baridi kavu. Tulienda na vitenge tu, mazoezi ya kwanza waimbaji wote wa tena (sauti ya tatu) wanakwaruza.

Tena_254
Besi umenikumbusha mbali. Sisi tulienda Llangollen, Wales, yale mashindano yao ya Julai yaliyoanza 1947 baada ya vita ili watu wa mataifa waimbe pamoja badala ya kupigana. Ni mji mdogo sana kando ya mto Dee, na hapo ndipo Pavarotti alishinda 1955 akiwa kijana kwenye kwaya ya kwao Modena pamoja na babake. Nilikuwa form three. Viza ya Uingereza kila mtu anaombewa yake na kila mtu anaenda mwenyewe kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, hakuna ya kikundi. Tulifanya harambee kanisani, wamama waliuza mandazi miezi na miezi.

Majibu yakarudi, wengi tumepata, lakini besi wawili wamenyimwa, barua inasema hawajaridhika kwamba watarudi nyumbani. Viza ya kutembelea ukinyimwa hakuna rufaa, unaomba upya na kulipa upya, na muda wenyewe ulikuwa umeisha. Hao wawili ndio walikuwa wanafika mazoezini kabla ya kila mtu. Walikuja kutusindikiza uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, na wakaimba nasi pale nje, mistari yao yote, hawakuruka hata nota moja. Mpaka leo nikikumbuka naumia. Ndani ya ndege mwalimu akawashusha waimbaji wawili wa tena kuwa besi, mimi nikiwa mmoja, nikakariri sauti ya nne kwa solfa (do, re, mi) nikiwa hewani.

Hapo pia niseme, sisi tumelelewa na solfa lakini majaji wanataka nakala ya nota za mistari. Tafuteni mtu wa kuziandika mapema. Hatukushinda, ila tulilala kwa wenyeji na wale wazee walitupenda kama wajukuu wao.

Mama_Neema_Brisbane
Mimi mzaliwa wa Goma, tuko Australia. Binti yangu kwaya yao ya vijana ilienda Auckland 2024 nami nikaenda kama mzazi msindikizaji. Naongeza habari ya vyombo. New Zealand wanalinda sana mimea na mifugo yao, kitu chochote cha ngozi, mbegu au mbao lazima ukitaje kwenye fomu ya kuingia, usipokitaja ni faini ya papo hapo dola 400 za kwao. Tulitaja vyote. Ngoma wakaikagua ngozi ikapita, kayamba wakaitikisa, wakauliza ndani kuna nini, mbegu, wakabaki nayo. Watoto wakapiga makofi na miguu pale kwenye kayamba, walifanya mazoezi hotelini mpaka ikakaa sawa.

Kijana_wa_Kitambo
Kuna jambo watu wanalikwepa. Kwetu mtu mzima mmoja wa msafara alibaki huko huko. Safari iliyofuata wakanyimwa viza karibu wote, watoto wasio na kosa lolote, wengine ndo ilikua nafasi yao ya mwisho kabla umri haujapita. Mwalimu chagua wasindikizaji kwa macho makali kuliko unavyochagua waimbaji.

Mwl_Sauti_ya_Pili
Asanteni sana, hii ya kiapo sikuijua kabisa. Wazazi wanauliza pia, ni kweli kila kwaya inarudi na medali?

Besi_wa_Arusha
Kwa yale tuliyoenda sisi, ukiimba kwenye kundi la wazi, lile lisilo na mchujo, kila kwaya inapata diploma ya shaba, fedha au dhahabu kulingana na alama, kwa hiyo dhahabu wanaweza kupata wengi. Bingwa wa kila kundi ndo mmoja. Wanaangalia usahihi wa sauti, ubora wake, kama umefuata nota, na sanaa yenyewe kwa ujumla. Waeleze wazazi mapema wasije kuona watoto wamedanganywa. Njoo inbox nikutumie mfano wa kile kiapo, kila mzazi anajaza chake, na wale wanaolelewa na bibi waanze wiki hii hii.