Samaki wakifa ndani ya wiki moja, wa kulaumiwa ni muuzaji au mnunuzi?

Mleta mada
Waungwana, naomba tuijadili hoja hii kwa uzito wake. Wiki tatu zilizopita nilikwenda na binti yangu wa miaka minane katika duka moja la samaki wa mapambo hapa Dar es Salaam. Tulinunua tangi la lita 30, pampu ya hewa, changarawe za rangi na samaki wa dhahabu wanne, vyote siku moja na kwa risiti moja. Kijana wa dukani alitufungia samaki katika mfuko uliojazwa oksijeni na kutuagiza tuwape chakula mara mbili kwa siku. Siku ya nne wawili walikuwa wamepanda juu wakihema midomo wazi, matamvua yamekuwa mekundu, na ilipofika siku ya saba hakubaki hata mmoja. Binti yangu alikuwa ameshawapa majina. Niliporudi kulalamika niliambiwa kwamba nilipaswa kujisomea kabla ya kununua. Mimi naona kosa ni la duka, kwa sababu vijana wanaowekwa pale hawana elimu yoyote ya samaki. Kazi yao ni kuchota na kufunga.

Mfugaji wa Tanga
Pole sana, ndugu yangu, na mpe pole mtoto. Kwa dalili ulizozieleza, ninaamini waliuawa na amonia. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na kinyesi pamoja na mabaki ya chakula huiongeza. Katika tangi lililokomaa wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, kisha wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Bakteria hao huhitaji kiasi cha wiki nne hadi sita kujijenga katika filta na changarawe. Tangi lako halikuwa na filta, kwa maana pampu ya hewa peke yake haichuji kitu, na lilikuwa na umri wa saa chache tu. Tena samaki wa dhahabu wa kawaida akitunzwa vizuri hupita sentimita 20 na huishi zaidi ya miaka kumi. Wanne katika lita 30 ni msongamano hata wakiwa wadogo.

Hata hivyo sikubali kwamba wewe huna sehemu yako. Mtu anayekwenda mnadani kununua mbuzi huuliza anakula nini, amechanjwa au la, na nyumbani ameshajenga banda. Kwa nini samaki anunuliwe kama puto la sherehe?

Kijana wa kaunta
Nimefanya kazi katika duka la samaki kwa miaka sita na sentensi ya mwisho ya mleta mada imeniumiza. "Kuchota na kufunga." Ninafika dukani saa moja asubuhi, kabla sijafungua mlango ninapita matangi yote kwa tochi, nikitafuta mwenye vidoa vyeupe, mwenye mapezi yaliyobana, aliyejitenga pembeni. Waliokufa usiku ninawatoa kwa mikono yangu. Niliyoyajua sikuyapata darasani, lakini ninayajua.

Sasa niwaeleze yaliyo upande wangu wa kaunta. Ninamuuliza mteja tangi lake ni la ukubwa gani, ananijibu kwamba ni kubwa, kisha ananionyesha picha ya bakuli la matunda. Ninamwambia aondoke na tangi leo, samaki achukue baada ya mwezi, anakasirika na kwenda duka la pili, ambako anauziwa vyote. Jioni tajiri ananiuliza kwa nini yule mteja ametoka mikono mitupu. Mshahara wangu unategemea mauzo. Nani kati yenu yuko tayari kunitetea siku hiyo?

Mleta mada
Ndugu, sikukutaja wewe. Nimesema kuhusu duka nililokwenda, na yule aliyenihudumia hakuniuliza swali hata moja la tangi.

Kijana wa kaunta
Umeandika "vijana wanaowekwa pale". Mimi ni kijana na nimewekwa pale.

Mwalimu mstaafu
Wanangu, naomba tusigombane kwa neno elimu. Nimefundisha Baiolojia kwa miaka mingi na ninakiri kuwa mzunguko wa naitrojeni, yaani hayo mageuzi ya amonia, tuliufundisha ubaoni kwa mishale, bila mwanafunzi kuuona ukifanya kazi mahali popote. Huyu kijana anaushuhudia kila asubuhi kwa tochi. Kwa hiyo cheti si kipimo hapa. Ninalotaka kujua ni kama mwenye duka amewapa wafanyakazi wake vipimo vya maji na mamlaka ya kuvitumia.

Mfugaji wa Tanga
Mwalimu, kwa heshima, cheti kina maana yake. Kuna maduka ambayo mfanyakazi ameanza Jumatatu na Jumanne anashauri wateja kuhusu dawa. Nimeuziwa samaki mweusi anayenyonya kioo, yule ambaye wateja humwita msafishaji, akiwa na urefu wa kidole. Niliambiwa hakui. Leo ana sentimita 35, anang'oa mimea usiku, na kinyesi chake ni kingi kuliko cha samaki wengine wote walio naye. Aliyeniuzia alikuwa na tabasamu zuri sana.

Mswahili wa Leicester
Huku Ulaya mambo haya yalishamalizwa. Wamepiga marufuku kabisa kufuga samaki wa dhahabu katika bakuli, na mtoto haruhusiwi kununua mnyama wa aina yoyote.

Wakili wa Mombasa
Tusiichanganye Ulaya yote, ndugu. Marufuku ya bakuli la mviringo iliyovuma ni ya jiji la Roma, mwaka 2005. Huko uliko, England na Wales, sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006 inamkataza muuzaji kumuuzia mnyama mtu wa chini ya miaka 16. Angalieni lakini mzigo umewekwa juu ya nani: anayevunja sheria ni muuzaji, mtoto haguswi.

Kwetu Kenya ipo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, ambayo inafanana sana na ile ya Tanzania, Sura ya 214, kwa kuwa zote zimefuata ya Uingereza ya mwaka 1893. Inasema kwa ufupi kwamba mnunuzi akimjulisha muuzaji lengo la kununua kitu, akaonyesha kuwa anautegemea ujuzi wake, na kitu hicho ni cha aina ambayo muuzaji huyo hufanya biashara nayo, basi kinatakiwa kifae kwa lengo lile. Samaki wako wanne na tangi lako vilitoka kaunta moja kwa risiti moja, kwa hiyo lengo lilijulikana. Ila mnunuzi aliyedanganya kuhusu tangi lililoko nyumbani amejinyima haki hiyo mwenyewe. Kwa mtazamo wangu wajibu unaanza kwa maneno yaliyosemwa pale kaunta, na kila upande utabeba yake.

Mtu wa Kigoma
Mnazungumzia risiti, nami ninawafikiria samaki. Huku kwetu wanavuliwa ziwani wakiwa hai na kusafirishwa nje kwa ajili ya matangi ya watu. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH (kipimo cha asidi na alkali) inayokaribia 9, na joto la maji yake ya juu halibadiliki sana kwa mwaka mzima. Wapo wale wanaoitwa Tropheus, ambao hukwangua mwani juu ya mawe tangu asubuhi hadi jua kuzama. Ukimlisha chakula chenye nyama nyingi, tumbo huvimba na hufa. Mpiga mbizi aliyemtoa kwenye mwamba anajua anachokula, lakini kila samaki anapopita mkono mwingine taarifa hiyo hupungua, hadi anafika kwa mnunuzi akiwa ameandikiwa bei peke yake. Kibandiko chenye mistari mitatu juu ya kioo, yaani ukubwa atakaofikia, maji anayotaka na chakula chake, kingegharimu nini?

Kijana wa kaunta
Vibandiko niliviandika mwenyewe mwaka juzi kwa kalamu. Nikiandika "hufikia sentimita 30", samaki huyo hanunuliwi. Tajiri aliviondoa.

Mwalimu mstaafu
Hapo ndipo penye jambo. Mfanyakazi alijua, akaandika, akazuiwa. Basi tusiseme muuzaji kana kwamba ni mtu mmoja. Ninauliza upya: je, mfanyakazi anapaswa kuwa na haki ya kukataa kuuza?

Mfugaji wa Tanga
Akikataa, mteja huenda jirani, na kijana mwenyewe ameshatueleza hivyo. Mteja ndiye pekee ambaye akisubiri mwezi mmoja hapotezi chochote.

Mswahili wa Leicester
Mtoto wa miaka minane hawezi kusubiri mwezi mmoja.

Mfugaji wa Tanga
Mwenye pochi hana miaka minane.

Mleta mada
Maneno hayo yamenichoma, na yamenikumbusha jambo ambalo nilikuwa nimeliacha nje ya maelezo yangu. Yule kijana alisema, wakati anachota, kwamba ingekuwa vizuri tuanze na wawili. Alisema kwa sauti ya chini na mara moja tu. Binti yangu alitaka wanne kwa sababu nyumbani tuko wanne: mimi, mama yake, yeye na kaka yake. Nikamwambia kijana afunge wanne. Hakubisha, nami sikumuuliza sababu. Nimesema hapa kwamba hakuniuliza swali hata moja, na hilo ni kweli, lakini si kweli kwamba hakuniambia neno. Ndugu yangu wa kaunta, nakuomba radhi.

Bado ninashikilia kwamba mtu anayejua kuwa maji mapya yataua alipaswa kulisema hilo wazi, si kwa fumbo la kupunguza idadi.

Kijana wa kaunta
Nimekusamehe, mzee, na kuhusu fumbo una haki. Sisi hujifunza kusema chini chini ili tajiri asisikie. Tangi bado unalo?

Mleta mada
Ninalo. Lina maji, pampu inanguruma, na binti yangu hataki liondolewe sebuleni.

Kijana wa kaunta
Basi usitie samaki kwanza. Tafuta filta ndogo ya sponji. Maji ya bomba yalaze siku nzima kabla ya kuyatia ili klorini iondoke. Kama kwenu hutumia kloramini, dawa nyingine ya maji ya bomba, kulaza hakutoshi, nunua dawa ya kuiondoa. Omba duka au mfugaji unayemwamini akupe kipande cha sponji kilichotumika katika tangi la zamani lenye samaki wazima, ukiweke kando ya filta yako kikiwa bado kibichi, kwa sababu kikikauka bakteria hufa. Dondoshea chembe chache za chakula kila siku ili wapate cha kula. Pima amonia na nitriti, na zote mbili zikisoma sifuri kwa wiki nzima, anza na samaki wadogo waitwao gapi, watatu, wote madume, wasije wakazaana. Samaki wa dhahabu waache mpaka upate tangi kubwa zaidi.

Mleta mada
Watatu? Nyumbani tuko wanne.

Kijana wa kaunta
Wa nne mwezi unaofuata, baada ya kupima tena. Mwachie binti yako ndiye aandike vipimo kwenye daftari.